Ada ya Angani, Hesabu ya Pwani

Nauli ya ndege kutoka Nairobi kwenda Malindi haina bei moja. Ukikata tikiti mapema, katika miezi ya masika hoteli zikiwa tupu, utaipata kwa afueni. Ukingoja wiki ya Krismasi, utakamuliwa. Chini ya nauli hiyo, hata hivyo, pana mstari usiojali msimu: shilingi 600 za ada ya huduma kwa abiria. Anayekwenda kulala katika jumba la kifahari ufuoni hulipa 600, na mwalimu anayewahi mazishi ya shangazi yake Gongoni hulipa 600 hizohizo. Anayeondoka nchini hulipa dola 50. Kabla ya viwango hivi ilikuwa shilingi 500 na dola 40, na waliosafiri miaka ya tisini wanakumbuka dola 20 zikilipwa taslimu, noti mkononi, hapo uwanjani.

Nilikwenda Malindi mwezi wa Novemba nikitaka kujua fedha hizi hufanya nini zikishatoka mfukoni mwa abiria, na zinapopanda, ni nani anayeumia. Nilipanga kuingia kwa uwanja wa Malindi na kutokea kwa Uwanja wa Moi, Mombasa. Baina ya viwanja hivyo viwili ningeshuka kwa barabara, kupitia Gede, Watamu na Kilifi, nikizungumza na watu ambao riziki yao huanza pale gurudumu la ndege linapogusa lami.

Safari yenyewe ni ya saa moja na dakika kidogo. Ukikaribia, unauona kwanza Mto Sabaki ukimwaga tope jekundu baharini, doa kubwa linaloenea kusini hadi mbele ya mji. Kisha minazi, mapaa ya makuti, vidimbwi vya buluu vya kuogelea katika nyumba za Wataliano, na ghafla uwanja. Ndege inashuka kwa haraka na kufunga breki kwa nguvu, kwa sababu njia ya kurukia ya Malindi ina urefu wa takriban kilomita 1.4 tu. Ile ya Mombasa inapita kilomita 3. Ndiyo maana Malindi hutua ndege zenye mapanga mabawani, kama zile Dash 8 za Jambojet zenye viti 78, na ndege nyingine ndogo zaidi. Ndege kubwa inayobeba watalii kutoka Ulaya haiwezi kutua hapa.

Unashuka ngazi, unatembea kwa miguu juu ya lami, joto linakupokea kabla ya mwenyeji wako. Hakuna mabasi ya abiria wala milango mirefu ya vioo. Nje, madereva wa teksi na tuktuk wamesimama kivulini wakihesabu vichwa. Aliyenichukua alikuwa mtu wa makamo aliyeanza kazi hiyo akiwa bado na bodaboda. Nilimwuliza abiria wangapi kati ya waliotoka walikuwa wateja wake.

"Dada, ndege hii moja inatutosha watu wanane, tisa hivi," alisema. "Waliobaki wamekuja kuchukuliwa na jamaa zao ama hoteli. Ndege ikipunguzwa wiki, mimi najua siku hiyohiyo. Sihitaji kusoma gazeti."

Mji unaoanza dakika chache kutoka hapo umezoea wageni kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki. Vasco da Gama alipokelewa hapa Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Kabla yake, mwaka 1415, twiga aliyetoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Wataliano walikuja kwa njia ya sayansi: miaka ya sitini wahandisi wao walijenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini ya mji, kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini. Setilaiti ya kwanza iliruka kutoka hapo Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa nyingine iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mafundi walirudi kwao na habari za ufuo, jamaa wakafuata, wakanunua viwanja, wakafungua hoteli na mikahawa. Leo muuza madafu wa Malindi anajua kutaja bei kwa Kitaliano, na watoto wanaofuata watalii ufuoni wanaamkia kwa "ciao" kabla ya "jambo".

Ila Mtaliano wa leo hafiki Malindi moja kwa moja. Akitoka Milano na ndege ya shirika la Neos hutua Mombasa, kisha hupandishwa basi na kusukwasukwa kilomita 120 akipita Mtwapa na Kilifi. Asipopata ndege hiyo hupitia Nairobi, akabadilisha ndege, na akikata tikiti ya pili peke yake hulipa ile 600 ya ndani juu ya ada ya kimataifa. Kwa vyovyote, Malindi ni mji unaolipiwa mara mbili: ada ya uwanja ambao mgeni hakuutaka, na gharama ya kutoka uwanja huo hadi alikokusudia.

Tuwafanyie hesabu wanandoa wawili kutoka Milano. Ruhusa ya kielektroniki ya kuingia Kenya ni dola 30 kwa kila mmoja, tangu viza ilipoondolewa Januari 2024. Siku ya kurudi, kila mmoja ana dola 50 ndani ya tikiti. Jumla ni dola 160, yaani takriban shilingi 20,000 za Kenya. Haki isemwe: viza ya zamani ilikuwa dola 50, kwa hiyo kwa Mtaliano mzigo wa kuingia ulipungua. Kwa wageni waliokuwa hawahitaji viza kabisa, kama Wamalawi na Waafrika Kusini, dola 30 zilikuwa kodi mpya iliyokuja chini ya jina la kufungua milango, na malalamiko yakawa mengi mpaka mwaka 2025 serikali ikawasamehe raia wa karibu nchi zote za Afrika. Naliweka wazi jambo hilo kwa sababu linaonyesha kwamba ada si mvua inayonyesha yenyewe. Imewekwa na watu, na watu wanaweza kuipunguza wakitaka.

Shilingi 20,000 ni nini Malindi? Niliuliza swali hilo kwenye karakana ya wachongaji wa vinyago, ambako ushirika wao unafanya kazi tangu zamani na wachongaji wengi ni Wakamba waliohamia Pwani wao au baba zao. Harufu ya mhugu na mpingo uliokatwa sasa hivi ilijaa hewani, na chini ya kila kibanda kulikuwa na tabaka la vumbi la mbao linalofika kifundoni. Mzee mmoja alikuwa akipiga msasa shingo ya twiga. Nilimwamkia, akanipa kigoda.

"Mgeni wa hoteli amelipa kila kitu huko kwao," alinieleza bila kuacha msasa. "Chumba amelipa, chakula amelipa, ndege amelipa. Akifika hapa anabaki na pesa ya mfukoni. Hiyo ya mfukoni ndiyo yetu sisi. Sasa ukimwongezea kitu uwanjani, wewe unafikiri anakitoa wapi? Hoteli haimrudishii. Anakitoa kwa huyu twiga."

Maneno ya mzee yule ndiyo yaliyonifungua macho zaidi katika safari nzima. Nairobi, mjadala wa ada za viwanja huzungumzwa kama ugomvi baina ya serikali na mashirika ya ndege, mashirika yakilia, serikali ikidai fedha za kukarabati. Huku chini mambo ni mengine. Hoteli inayouza vifurushi ina mkataba na wakala wa Ulaya, na malipo yake yamekwisha kufika. Kinachopungua ni ile akiba ndogo ambayo mtalii huitumia kwa kuchagua mwenyewe: boti la kioo la kutazama samaki, tuktuk ya jioni, kitenge, kinyago, mlo wa nje ya hoteli. Ada hulipwa na anayepanda ndege, lakini uzito wake huangukia mtu ambaye pengine hajawahi kupanda ndege maishani.

Asubuhi iliyofuata nilikula mahamri na mbaazi karibu na soko, kisha nikapanda matatu ya kuelekea Gede. Upande wa kulia wa barabara msitu wa Arabuko-Sokoke ulitufuata kwa muda mrefu. Ni msitu wa kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyosalia kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Watazamaji wa ndege wa porini huja kutoka mbali kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke.

Magofu ya Gede yako ndani ya miti, hatua chache kutoka barabara kuu. Mji huu wa Waswahili ulistawi karne nyingi ukiwa na misikiti, visima, mitaro na jumba la kifalme, kisha ukahamwa karne ya 17. Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilitembea kwenye kivuli cha mibuyu, nyani wakirukaruka juu ya kuta za matumbawe, nikawaza jinsi heshima ile ilivyo mtaji ambao wilaya nyingi duniani zingeulilia. Mwelekezi aliyenitembeza, mwenyeji wa kijiji cha jirani, aliniambia kwamba tangu habari ile itangazwe wanafunzi wa shule na Wakenya wa bara wameongezeka kuliko wageni wa ng'ambo. "Wakenya wanakuja wengi, dada, lakini wanakuja kwa basi. Wakifika wamechoka, wanazunguka nusu saa, wanaondoka."

Kwa nini kwa basi? Familia ya watu wanne kutoka Nairobi ikipanda ndege kwenda na kurudi Malindi hulipa ada ya abiria peke yake shilingi 4,800, kabla ya senti moja ya nauli. Watoto walio chini ya miaka miwili hawatozwi, lakini mwanafunzi wa darasa la pili anatozwa sawa na mkurugenzi wa benki. Treni mpya ya Nairobi hadi Mombasa nayo, iliyoanza mwaka 2017 ikisifiwa kuwa usafiri wa mwananchi, ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa daraja la chini. Na miezi michache kabla, Julai 2023, kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16, nauli ya basi ikapanda pia. Kila upande anaogeukia, msafiri wa ndani anakutana na nyongeza.

Na msafiri huyo wa ndani ndiye aliyeiokoa Pwani mara zaidi ya moja. Wenye hoteli wa Watamu hawajasahau Mei 2014, pale kampuni za Uingereza zilipowaondoa wateja wao Mombasa kwa ndege za dharura kufuatia onyo la usalama. Mwezi uliofuata kukatokea mauaji ya Mpeketoni. Hoteli zilifungwa, wafanyakazi wakarudi mashambani. Kisha mwaka 2020 janga la korona likafunga anga kabisa. Katika nyakati zote mbili waliorudi kwanza walikuwa Wakenya, kwa likizo za shule na sikukuu, wakilipa kwa shilingi. Ada isiyotofautisha masika na Krismasi, wala familia na tajiri, inamzuia hasa yule anayeweza kujaza vyumba miezi ambayo Mzungu hayuko.

Watamu nilikaa kwa nahodha mmoja na mkewe anayekodisha vyumba viwili. Kusi lilikuwa limekwisha, kaskazi bado haijashika, bahari imetulia kama sinia. Hifadhi ya bahari ya Watamu, pamoja na ile ya Malindi, ni kati ya za kwanza kabisa barani Afrika, zilianzishwa mwaka 1968. Nahodha alinipeleka kwenye matumbawe pamoja na wageni wengine wachache, na tulipokuwa tumetia nanga alinihesabia jinsi pesa ya boti moja inavyogawika: mafuta, mabaharia wawili, kiingilio cha hifadhi, fungu la kikundi, ukarabati, na anayewaleta wageni kutoka ufuoni. Kinachobaki ndicho cha nyumbani.

"Watu wanadhani sisi tunashindana na Diani," alisema. "Tunashindana na Unguja."

Nikamwambia Zanzibar nayo inatoza. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa kigeni anayeingia visiwani analazimika kununua bima ya dola 44 kutoka shirika la bima la Zanzibar, mbali na ada za uwanja zilizomo ndani ya tikiti. Hata hivyo mwaka huohuo wa 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, katika nchi ya watu wapatao milioni mbili. Kenya nzima, na mbuga zake zote, ilipokea takriban milioni 2.4.

Nahodha alifikiri, akavuta kamba, kisha akajibu: "Unguja mgeni anatoka kwenye ndege, anaingia gari, saa moja yuko kitandani. Analipa, lakini anaona alicholipia."

Hapo ndipo ilipo tofauti. Shirika lilelile la Neos linalotua Mombasa linatua Zanzibar pia, kwa ndege za aina moja na abiria wa aina moja. Wakala anayekaa Milano akipanga msimu anaziweka pwani hizi mbili sambamba, anajumlisha ada, basi, muda na usumbufu, kisha anaamua ndege ngapi ziende wapi. Mtalii mwenyewe haoni mstari wa dola 50. Umezama ndani ya bei. Wakala anauona. Na uamuzi wake mmoja, wa kuhamisha safari moja ya kila wiki, unatosha kuwaacha mabaharia wa ufuo mzima wakicheza bao mchana kutwa. Zanzibar ilijenga jengo jipya la abiria katika Uwanja wa Abeid Amani Karume, na njia yake ya kurukia inapokea ndege kubwa kutoka Ulaya na Ghuba. Imetoza, na imejenga.

Sisi je? Kisheria ada ya huduma kwa abiria haipotei. Hukusanywa na mashirika ya ndege ndani ya tikiti, ikapelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru, kisha ikagawiwa: fungu kwa Halmashauri ya Viwanja vya Ndege, fungu kwa Halmashauri ya Usafiri wa Ndege, na fungu kwa Hazina ya Kukuza Utalii iliyoundwa mwaka 2019. Malindi, hata hivyo, inasubiri njia ya kurukia ya kilomita 2.5 iliyoahidiwa na serikali moja baada ya nyingine. Ardhi imepimwa, fidia imekuwa kikwazo kwa miaka, na wanaoishi kando ya ua wa uwanja wamezeeka wakisikia kwamba kazi itaanza karibuni. Abiria aliyetua hapa mwaka juzi na aliyetua jana wamelipa viwango vilevile, wakatua kwenye lami yenye urefu uleule.

Serikali inajua kwamba bei ina uzito. Mwaka 2016, Pwani ikiwa taabani, iliondoa ada za kutua kwa ndege za kukodi zinazoleta watalii Mombasa na Malindi, na ikaahidi kuzilipa dola 30 kwa kila abiria zitakayemleta. Ulikuwa mpango wa busara. Lakini katika muongo huohuo ada ya abiria wa kimataifa ikapandishwa kutoka dola 40 hadi 50. Mkono mmoja ulikuwa ukimwita mgeni, mwingine ukimshika mfuko.

Kutoka Watamu nilipita Mida, ambako maji ya hori hupenya mikokoni na kikundi cha wanakijiji wa Dabaso kimejenga ujia wa mbao hadi kwenye mkahawa wao wa kaa. Wakitaka fedha za kukarabati mbao zilizooza, wanazitoa kwenye kiingilio na mauzo, na kila mgeni anaona mbao mpya zilipogongomewa. Nilikaa pale mpaka maji yalipojaa, nikila sambusa za kaa, nikiamini kwamba wanakijiji hawa wanaielewa maana ya ada kuliko ofisi nyingi: kiasi kijulikane, kazi ionekane, aliyelipa arudi.

Kilifi niliingia jua likiteremka. Daraja la Mnarani lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake magari yalivuka hori kwa feri, foleni ikikokota. Wauza korosho wa hapo darajani huuza vipakiti vyao kwa wasafiri wa mabasi. Kilifi ilikuwa na kiwanda kikubwa cha korosho kilichokufa miaka ya tisini, na tangu hapo mji umeegemea zaidi wageni, wanafunzi wa chuo kikuu na wenye nyumba za Bofa. Mama mmoja aliyekuwa akichoma korosho juu ya karai aliniuliza nimetoka wapi na nakwenda wapi. Nilipomwambia ninaandika juu ya ada za viwanja vya ndege, alicheka kwa upole.

"Mwanangu, ndege mimi naziona juu tu," alisema. "Lakini zikija nyingi, hizi korosho zinaisha kabla ya magharibi. Zikija chache nalala nazo ndani."

Kusini ya Kilifi barabara inapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, ambako wenye nyumba kwenye viwanja vya gofu wana uwanja wao mdogo wa ndege na hawahitaji kupita mji wowote. Inapita Kikambala, ambako hoteli ya Paradise ililipuliwa tarehe 28 Novemba 2002, asubuhi ileile ambayo makombora yalirushwa kuilenga ndege ya Israeli iliyokuwa ikiruka kutoka Mombasa na kuikosa. Watu wa hapa wanaelewa vizuri kwa nini usalama wa uwanja unagharimu. Sikukutana na yeyote, si dereva, si mchongaji, si nahodha, aliyesema viwanja viendeshwe bure. Walichouliza wote ni kwa nini inapotafutwa fedha anaonekana kwanza abiria.

Swali hilo lilipata moto mwaka 2024, pale mpango wa kuukabidhi Uwanja wa Jomo Kenyatta kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa karibu dola bilioni 2, ulipofichuliwa. Wafanyakazi waligoma Septemba, abiria wakakwama, na tarehe 21 Novemba rais akautangaza umefutwa. Wengi walihofia ajira. Wenye biashara ya utalii walihofia pia kile kinachofuata kila mkataba wa aina hiyo: anayeweka mabilioni atayarudisha kwa kupitia tikiti ya abiria. Mpango ulikufa, lakini uwanja bado unahitaji kujengwa, na yeyote atakayeujenga atakuja na bili. Ni vyema tukajadiliana sasa bili hiyo igawanywe vipi, badala ya kungoja iletwe usiku.

Wenzetu wameanza. Desemba 2024 viongozi wa nchi za Afrika Magharibi, kupitia ECOWAS, waliafikiana kuondoa kodi za usafiri wa anga na kupunguza ada za abiria na usalama kwa asilimia 25 kuanzia Januari 2026. Sweden ilifuta kodi yake ya abiria Julai 2025. Uingereza imekwenda upande mwingine: kuanzia Aprili 2025 aliyetoka London kuja kwetu alilipa huko paundi 90 za kodi hata akikaa viti vya nyuma, kabla hatujamgusa sisi. Hatuwezi kuiamuru London. Tunaweza kukumbuka kwamba mgeni anapofika hapa amekwisha kutozwa kwao, na kwamba kila dola tunayoongeza inapandishwa juu ya mzigo huo.

Uwanja wa Moi, Mombasa, nilifika mchana. Foleni ya kuondoka ilijaa Wataliano walioungua mabega, vinyago vimefungwa magazeti, vikapu vya ukindu mkononi. Uwanja huu una njia ndefu na nafasi. Flydubai ilianza kuja Januari 2024, na wafanyabiashara wa Pwani wamedai kwa miaka mashirika mengi zaidi yaruhusiwe kutua bila masharti ya kuulinda uwanja wa Nairobi. Nilisimama katika mstari huo nikipanga nitakayoyaandika, na haya ndiyo ninayoyaomba.

Kwanza, Halmashauri ya Viwanja vya Ndege itangaze kila mwaka, uwanja kwa uwanja, kilichokusanywa na kilichotumika. Mkazi wa Malindi ana haki ya kujua abiria wa mji wake wamelipa kiasi gani na kimejenga nini. Pili, ada ya safari za ndani ishuke miezi ya masika, Aprili hadi Juni, na watoto wa shule watozwe nusu. Kiti kilichokuwa kiruke kitupu hakileti 600 yoyote. Chenye mtoto anayelipa 300 kinaleta na baba, mama na chumba cha hoteli. Tatu, nyongeza yoyote itangazwe angalau mwaka mzima kabla, kwa kuwa mawakala wa Ulaya hupanga bei za msimu mapema, na ada ya kushtukiza huwalazimu kukata mahali pengine. Nne, wenye ardhi Malindi walipwe chao chote, kisha njia ya kurukia ijengwe, ama waambiwe kwa ukweli kwamba haitajengwa ili waendelee na maisha yao.

Pwani hii haijawahi kuishi kwa kufunga mlango. Imeishi kwa bandari iliyotoza ushuru wa haki na kumpa baharia maji, chakula na rubani wa kumvusha. Uwanja wa ndege ndio bandari yetu ya leo. Ututoze, hakuna anayekataa, lakini kilichotozwa kwa jina la Malindi kirudi Malindi, kwenye lami inayoweza kumpokea mgeni bila kumzungusha Mombasa, na kwenye mfuko wa mchongaji, nahodha na muuza korosho waliomfanya atamani kuja.